Jasi Iliponata

Asubuhi ile Mama Milango alipita katikati ya wanaume wa gatini akiwa ameinamisha kichwa kama mwizi. Walikuwa wamekaa pande zote mbili za geti, juu ya magogo na masanduku ya mbao, genge zima la makuli waliopoteza kazi. Siku za mwanzo walikuwa wakiimba na kupiga makelele, na makelele hayakumtisha. Kilichomtisha kilikuwa hiki kimya cha siku za karibuni, watu wazima wamekaa tu, wanamtazama kila anayeingia, hawasemi neno. Juzi kuna mtu alikata kamba moja ya kufungia meli. Jana jiwe lilipasua dirisha la chumba cha mlinzi.

Na katikati yao, juu ya sanduku la sabuni, alikuwa amekaa mume wake.

Hakumtazama. Alikuwa akichorachora chini kwa kijiti.

"Pita tu, shemeji, hatung'ati," mmoja wao alisema, na wengine wakacheka kicheko kikavu. Mama Milango akaongeza hatua. Mlinzi alimfungulia upenyo mdogo, akaufunga haraka nyuma yake.

Jina la Mama Milango alipewa na mabaharia kwa ajili ya kazi yake, na kazi hiyo ndiyo iliyoleta baridi nyumbani kwake. Zamani, meli ya mzigo wa kumwaga, usiotiwa magunia, ilikuwa ikifika pale na kungojea kuhudumiwa. Winchi za gatini zilichota mzigo kwa makucha ya chuma. Makuli walishuka ngamani, yaani ndani ya tumbo la meli, wakakomba mabaki kwa mabeleshi. Kazi ilichukua siku nenda siku rudi, na mume wake, nyapara wa genge, alisimama juu akiiongoza kwa filimbi. Kisha kiwanda cha saruji kikakodi meli ya aina nyingine, meli inayojishushia mzigo yenyewe. Sakafu ya ngama zake imeinama kama faneli, na chini ya kila faneli kuna mlango wa chuma. Mlango ukifunguliwa, mzigo unaangukia kwenye mkanda mpana wa mpira unaopita ndani ya handaki, urefu wote wa meli. Mkanda unaupeleka mzigo nyuma, unaupandisha hadi juu, na mkono mrefu wa chuma unaonyooka kuelekea nchi kavu unaumwaga uwanjani. Hakuna winchi, na genge halina la kufanya.

Nahodha, mtu mpole aliyependa kueleza mambo, aliwahi kumfafanulia hesabu zake wakinywa chai. Meli kama ile ni ghali kuijenga, alisema, na inabeba kidogo kuliko meli ya kawaida ya ukubwa wake, maana mitambo imekula nafasi. Mikanda inachakaa, magurudumu yake yanakufa kila siku.

"Sasa faida iko wapi, Nahodha?"

"Iko kwenye kutolala. Meli iliyolala gatini ni ng'ombe anayekula majani hakamuliwi. Hii inafika asubuhi, jioni imeshaondoka. Tena haihitaji hata bandari. Nipe nguzo za kufungia kamba na uwanja mtupu, mzigo wako utaukuta umemwagwa. Ingekuwa inakwenda mbali, siku nyingi baharini na kushusha mara moja moja, ingemfilisi mwenyewe. Lakini kwa safari fupi fupi kama hizi zetu, kwenda na kurudi, hakuna meli ya kuishinda."

Mwenye gati naye alizisikia hesabu hizo. Winchi zikakatwa vipande, zikauzwa kama chuma chakavu. Nyapara akarudi nyumbani na filimbi mfukoni.

Meli iliajiri watu wachache wa mji. Mmoja alikuwa yeye, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mizani ya malori pale pale gatini, akafundishwa kuendesha milango ya chini. Mwingine alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyetoka kwenye lile lile genge. Huyo watu walimwita Kiberenge, kama kile kigari cha reli, kwa sababu hajui kutembea, anajua kukimbia tu.

"Meli imewameza watu wangu," mume wake alisema siku ile mkewe alipopata kazi, "na mke wangu ndiye anayeifungulia mdomo." Tangu siku hiyo hakumsemesha tena uso kwa uso. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja, lakini neno lake lilipita kwa mtoto: mwambie mama yako hivi, mwambie mama yako vile. Na alipokutana na mdogo wake njiani, aligeuza uso.

Kiberenge alikuwa akimngojea juu ya ngazi ya meli, helmeti imekaa upande.

"Shemeji! Kaka amekusemesha leo?"

"Amenitumia salamu kwa paka."

"Basi kuna maendeleo. Mimi hata paka wake ananikwepa." Akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye geti, kwa wale waliokaa. "Wanaogopesha, eh? Nimekula nao miaka yote ile, leo naogopa kuwapungia mkono."

Mzigo wa siku ile ulikuwa jasi, yale mawe laini meupe yanayosagwa pamoja na saruji. Ilikuwa imenyeshewa wakati wa kupakiwa. Nahodha aliiona mvua, lakini meli nyingine ilikuwa nyuma yake inangojea nafasi, akapakia hivyo hivyo. Jasi kavu inateremka vizuri. Iliyolowa inashikana kama unga uliopata maji.

Mama Milango alishuka handakini peke yake, kama kawaida. Ni ngazi ya chuma iliyosimama wima, kisha njia nyembamba kando ya mkanda, taa za rangi ya manjano zimefunikwa vumbi, na juu ya kichwa chako, ng'ambo ya chuma, shehena nzima. Hajawahi kuizoea. Kila alipoingia pale alijihisi kama mtu aliyelala chini ya kitanda ambacho tembo amekikalia. Mkanda ulipoanza kuzunguka, mlio wake ulijaa handaki lote hata asisikie pumzi yake mwenyewe.

Mlango wa kwanza ulitoa vizuri. Wa pili ukatoa kwa kusitasita. Wa tatu ukatoa kidogo, ukakohoa mabonge kadhaa, ukanyamaza.

Alifungua zaidi. Hakikuja kitu. Akachukua nyundo, akagonga chuma cha faneli, na chuma kikajibu kwa mlio wa debe tupu. Faneli ilikuwa imejaa, alijua imejaa. Kama chini ni kutupu, basi jasi imejijengea dari huko juu, na chini ya dari hiyo kuna pango.

"Mlango wa tatu umenata," alisema kwenye redio. "Kuna uwazi chini. Mtu asikanyage juu, mnanisikia?"

Redio ilikwaruza. Ndani ya handaki lile la chuma maneno yalikuwa yakifika vipande vipande. Sauti ya afisa mkuu, msaidizi wa nahodha, ilimjia: "...mtetemeshaji..." Mtambo wa kutikisa faneli ukanguruma, ukanguruma tena, ukazimwa. Hakuna kilichoteremka.

Halafu kwa muda hakuna aliyesema naye. Alikuja kujua baadaye yaliyokuwa yakisemwa juu. Kwamba maji yalikuwa yakipwa, na meli isipoondoka na maji hayo itakaa mpaka kesho. Kwamba uwanja wa kiwanda ulikuwa mtupu, jasi inangojewa. Kwamba afisa mkuu alichungulia ngamani, akaona jasi imelala tambarare, nyeupe, imetulia kama sakafu ya msikiti, akasema mtu mmoja mwepesi mwenye mti mrefu anaweza kuipekecha kidogo katikati ikaachia. Na mtu mwepesi alikuwa anajulikana.

"Shemeji!" Hii aliisikia vizuri. "Mimi naingia humu juu. Nikidondoka nidake kwa kanga."

"Usiingie! Mlango haujafungwa! Umejifunga kamba?"

"Nimejifunga kama mbuzi wa..." Ikakatika.

Akaruka kwenye mtambo, akasukuma mkono wa kufunga. Mlango ulisogea, ukagota, ukagoma. Bonge la jasi ngumu lilikuwa limekwama kati ya meno yake, na upenyo uliobaki ulimtosha mbwa kupita. Akarudisha nyuma, akasukuma tena. Bonge lile lile. Akainua redio. "Mtoeni! Mlango wa tatu haufungi! Mtoeni!" Hakujua kama kuna aliyemsikia.

Kwanza ilikuja hewa. Upepo wa vumbi ulitoka kwenye ule upenyo ukampiga usoni, na nyuma ya upepo ukaja mshindo aliousikia miguuni kabla ya masikioni. Jasi ikamiminika. Mkanda ukaipokea na kukimbia nayo, na jasi nyingine ikaja, na nyingine, mkanda ukiifyonza na kuipeleka, ukiifyonza na kuipeleka, na Mama Milango akaelewa kwa mwili wote kwamba kila kinachopita mbele yake kinatoka chini ya miguu ya shemeji yake.

Mkanda ukiendelea, utamvuta mpaka huku chini.

Kamba ya dharura ilikuwa ukutani, nyekundu, hatua chache kutoka aliposimama. Mkanda ukisimama, jasi itajirundika chini ya mlango mpaka ijizibe yenyewe. Lakini kabla ya kujiziba itamwagikia kwenye njia, na njia ndiyo iliyokuwa kati yake na ngazi. Hilo alilijua. Anasema alilijua wazi kabisa, na kwamba kuna kitambo kidogo ambacho mkono wake ulikataa kwenda. Kisha akaivuta.

Mkanda ulilia, ukasimama. Jasi ikapanda juu yake, ikafurika kando, ikaja njiani kama uji uliochemka. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ikafika kwenye visigino, ikafika magotini. Taa zilikuwa zimepotea ndani ya vumbi. Alifunga macho, akafunika pua kwa kitambaa cha kichwani, akaanza kumwomba Mungu kwa sauti, na alipofika katikati ya maombi akagundua kwamba anasikia sauti yake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kimenyamaza.

Alijichomoa. Akapanda juu ya rundo kwa magoti na viwiko, kichwa kikikwaruza bomba za darini, akajitupa upande wa pili, akaishika ngazi.

Juu, watu wote wa meli walikuwa wamezunguka mdomo wa ngama, na hawakuwa wengi. Meli ile ilijengwa ili isihitaji wengi. Akachungulia. Katikati ya ile sakafu nyeupe kulikuwa na shimo pana, na ndani ya shimo, jasi imemfika kifuani, mikono yote miwili hewani, alikuwa Kiberenge. Kamba yake ilikuwapo. Lakini alikuwa ameiachia ndefu ili aweze kukimbiakimbia, na sasa ilikuwa imezama pamoja naye. Upande mmoja wa shimo ukuta wa jasi ulikuwa umesimama wima juu ya kichwa chake, umepasuka ufa mrefu.

"Tumejaribu kumvuta," afisa mkuu alisema. "Alipiga ukelele. Haji."

"Shemeji," Kiberenge aliita kutoka chini. Ilikuwa sauti ndogo. "Kila nikitoa pumzi inanibana zaidi. Nisitoe?"

"Pumua kidogo kidogo. Usiongee."

"Naogopa."

Hakuwahi kumsikia akisema neno hilo bila mzaha.

Nahodha alikuwa kwenye simu. Waokoaji walikuwa mji mwingine, njia mbovu, wangefika alasiri. Ule mkono mrefu wa chuma haukujengwa kunyanyua kitu, ni wa kumwaga tu. Winchi ya kumshushia mtu au kreti hapo gatini haikuwapo tena. Kilichohitajika kilikuwa mikono mingi, mikono ya watu wanaojua kuchimba ngamani bila kuuangusha mzigo.

"Nje kuna genge zima," Mama Milango alisema.

Afisa mkuu akamgeukia. "Wale? Juzi wamekata kamba. Tukiwafungulia wataichoma meli."

"Mdogo wake nyapara wao yuko mle."

Nahodha alitazama geti, akatazama ngama. Alikuwa mtu anayeogopa pande zote mbili. "Nenda," akasema mwishowe. "Nenda kawaite."

Alikimbia. Mlinzi alipomwona anakuja, mweupe kichwa mpaka miguu, alidhani ni mzimu, akafungua geti bila kuambiwa. Wale wanaume wakasimama wote kwa pamoja. Hakuwaangalia wengine, alimwendea mume wake moja kwa moja.

"Baba watoto. Mdogo wako amefukiwa."

Kijiti kilikatika mkononi mwa nyapara.

"Wamwambie mkanda wao umtoe," mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti nzito. Hakuna aliyecheka, lakini hakuna aliyemkemea pia. Kimya kile kikarudi, na Mama Milango akaona kwamba jambo lile lingeweza kwenda upande wowote.

"Yu hai?" mume wake aliuliza. Alimwuliza yeye, uso kwa uso.

"Anapumua."

"Imemfika wapi?"

"Kifuani. Na kuna ukuta umesimama juu yake, una ufa."

Nyapara akavua koti. Hakuhutubia, hakumjibu yule wa nyuma. Aliwageukia watu wake na kusema, "Ng'oeni milango ya vyumba vyetu vya kubadilishia nguo. Yote. Na ndoo." Wakaangaliana. Yule mwenye sauti nzito ndiye aliyetangulia kukimbia, na kishindo cha bawaba zikivunjwa kilisikika mpaka melini.

Walipofika ngamani hawakushuka kama watu wa hasira wala kama mashujaa. Walishuka kama watu wanaoogopa na wanaojua wanachokiogopa. Walilaza mlango mmoja juu ya jasi ili uzito usambae, nyapara akalala juu yake kifudifudi, akasukumwa mbele taratibu mpaka akafika kwa mdogo wake. Vichwa vyao vikakaribiana. Mama Milango hakusikia walichoambiana. Aliona tu nyapara akiupapasa uso wa Kiberenge na kumtoa jasi machoni kwa kidole gumba.

Mpango ulikuwa kuizamisha milango mingine kumzunguka, iwe kama sanduku, ili jasi wanayoichota ndani isirudi. Kisha nyapara akanyanyua kichwa, akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine aliyelifikiria.

"Nani yuko chini?"

Wakageuka kumtazama afisa mkuu.

"Chini mlango uko wazi, sivyo? Kilichoushika ni rundo tu. Rundo likiachia, tutakwenda wote. Mtu akiwasha mkanda kwa makosa, tutakwenda wote."

"Hakuna mtu chini," afisa mkuu alisema.

Mume na mke walitazamana, yeye amelala juu ya mlango wa mbao, mkewe ameinama juu ya ukingo.

"Nitashuka," Mama Milango alisema.

"Funga swichi, ufunguo ukae nao mwenyewe. Mimi nitagonga hiki chuma kwa nyundo. Ukisikia nagonga, jua tunapumua."

Akashuka tena kwenye ile ngazi. Alipitia kwenye chumba cha swichi, akaifunga kwa kufuli, akautia ufunguo ndani ya sidiria. Alitambaa juu ya rundo mpaka kwenye mlango wa tatu. Alikuwa amebeba ubao. Akaukita kwenye upenyo, akauegemea kwa mgongo, miguu ameisukuma kwenye chuma cha mkanda. Alijua ubao ule hauwezi kuzuia kitu. Jasi ikiamua kuja itapita na ubao na yeye. Lakini alihitaji kushika kitu.

Kwa juu yake: ngo. Ngo. Ngo.

Hiyo ndiyo saa aliyoogopa kuliko zote maishani, na hakukuwa na lolote la kufanya ndani yake. Kulikuwa na taa moja inayokonyeza. Kulikuwa na mchirizi mwembamba wa jasi uliokuwa ukipita kwenye pembe ya ubao na kumwangukia begani, ukikatika, ukianza tena. Kila ulipoanza alizuia pumzi. Alifikiria watoto. Alimfikiria mama mkwe, ambaye wanawe wote wawili walikuwa juu ya kichwa cha mkwewe, na hakujua. Huenda wakati ule alikuwa akianika nguo. Alijiuliza kama angemsikia mume wake akianguka, au kama angeletewa tu pamoja na jasi. Akajilaani kwa wazo hilo, na wazo halikuondoka.

Ngo. Ngo.

Kisha mgongo wake ukahisi kitu. Ubao ulisogea. Kidogo tu, upana wa kidole, lakini ulisogea, na mchirizi ukawa mkubwa. Akasukuma kwa nguvu zake zote akilia kwa sauti, "Tulia, tulia, tulia," kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Juu kukatokea kishindo kizito. Chuma chote kilitikisika, vumbi likashuka, taa ikazimika.

Nyundo ikanyamaza.

Alingojea. Gizani alingojea, mdomo umejaa vumbi, akihesabu pumzi na kuzipoteza. "Gonga," akasema. "Baba watoto, gonga." Hakuna aliyegonga. Alitaka kukimbia kupanda ngazi na hakuthubutu kuuacha ubao, na alitaka kubaki na hakuweza kuvumilia kutojua. Alibaki. Hakujua amebaki kwa muda gani. Ila anajua kwamba wakati fulani aliacha kuomba wapone, akawa anaomba tu aambiwe.

Akasikia miguu kwenye ngazi. Akaona mwanga wa tochi ukija kwa kuyumba, na mtu anatambaa juu ya rundo, anakohoa.

"Uko wapi?"

"Huku."

Tochi ikamwangaza, ikaangaza ubao, mlango uliokwama, bomba, dari. Mume wake alikuwa mweupe kama yeye, damu imemkauka sikioni. Hakuwahi kufika handakini. Alikaa chini juu ya jasi kama mtu aliyeangushwa.

"Ametoka," akasema. "Amepanda juu kwa machela. Ule ukuta ulianguka tulipokuwa tumeshamtoa, umefukia milango yote. Na nyundo yangu. Nimeshindwa kukujulisha." Akajaribu kusema zaidi, mwili ukaanza kumtetemeka, mikono, magoti, taya. Nyapara wa gati, mtu mwenye filimbi, alitetemeka kama kifaranga kilicholowa. "Nililala chini ya ule ufa wakati wote. Nilikuwa nauona. Mke wangu, nilikuwa nauona unafunguka."

Mama Milango akamshika mikono. Baada ya muda mume wake alizungusha tochi tena, polepole, handaki lote.

"Huku ndiko unakofanyia kazi?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

"Kila siku."

Akatikisa kichwa mara nyingi. "Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Kiberenge alipona, ila si kama alivyokuwa. Nyonga ilikuwa imebanwa vibaya, figo zikasumbua, akalazwa hospitali kwa muda mrefu mpaka wauguzi wakazoea utani wake. Anatembea kwa fimbo. Watu bado wanamwita Kiberenge, naye anajibu kwamba reli imeharibika.

Makuli walipewa chai na mkate juu ya sitaha, na nahodha aliwashukuru mmoja mmoja kwa mkono. Walipomwuliza kuhusu kazi, alisema ukweli: meli si yake. Mwenye meli alikuja baadaye na watu wake wa hesabu. Siku ambazo meli ililala kwa ajili ya ajali ile zilimwuma, na kifo kingemwuma zaidi, kwa hiyo amri mpya ikatoka: hakuna kuingia ngamani mpaka mshika milango aseme kwa mdomo wake kwamba mlango umefungwa, na mzigo ukiwa umelowa, watu kadhaa wa gati walipwe kuwa tayari. Wachache tu. Genge halikurudi. Wengine walihama mji, mmoja alifungua duka la vipuri vya baiskeli. Nyapara alipewa nafasi ya kwanza akaikataa.

"Mimi si mtu wa kuitwa mzigo ukinata," alimwambia mkewe. Akaenda kufanya kazi kwa fundi seremala, kupasua mbao. Wakati mwingine bado anaitukana meli ile, tena mbele ya mkewe, na hilo Mama Milango anasema ni afadhali.

Yeye alirudi kazini meli iliporudi. Watoto walikuwa shule, na mkono wa mume ulikuwa bado haujakaa sawa kwenye useremala. Alishuka ngazi, na alipofika kipago cha mwisho vidole vikakataa kuachia. Mkanda ulikuwa umesimama, unamngojea. Juu, mabaharia walikuwa wanamngojea. Jasi ya safari hii ilikuwa kavu, alikuwa ameishika mwenyewe kwa mkono, lakini vidole havikujua hilo.

"Mama Milango," redio ikasema. Ilikuwa sauti ya afisa mkuu. "Tuko tayari huku. Tuanze?"

"Bado."

Alidhani atasikia kuhusu maji kupwa, kuhusu kiwanda, kuhusu meli inayongojea nyuma.

"Sawa," afisa mkuu akasema. "Tunasubiri."

Akaegemeza paji la uso kwenye chuma cha ngazi, akalia mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli, akaenda mpaka mlango wa kwanza, akaugonga kwa nyundo na kusikiliza, akaufungua.